Vidole Vinne vya Maji

Antoinette Mukabaranga alikuwa na kanuni moja, na kila mkulima wa mfereji wa tatu katika bonde la Bugarama aliijua: neno uroho halitamkwi juu ya mtu ambaye hajatosheka. Unaweza kumwita mtu huyo mwizi, ikiwa ameiba. Unaweza kumwita mkosefu wa adabu. Lakini mroho, hapana. Neno hilo, alisema, lina kazi yake moja, na ukilifanyisha kazi nyingine halitakufaa siku utakayolihitaji.

Kanuni hiyo haikuishia mdomoni. Miaka michache iliyopita, kwenye karamu ya ubatizo huko Nyakabuye, fundi mmoja wa kujenga alirudi kwenye sufuria mara ya nne, na wanawake waliokuwa wanapakua wakaanza kunong'onezana kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Muangalie ule. Sahani ya nne! Muroho wa kweli."

Antoinette akaweka kikombe chake chini, akamwita fundi mbele ya wote.

"Papa, leo asubuhi ulikula nini?"

"Chai, Maman. Chai ya bila sukari."

"Na jana mangaribi?"

"Jana nilikuwa njiani, nilitoka Mibirizi na miguu."

"Basi munaona, huyu iko anakula ya jana. Mumuongezee ndizi, ya leo bado hajaanza."

Watu walicheka hadi mtoto aliyebatizwa akaamka. Tangu siku hiyo, kila mwanamume aliyeinuka kuongeza chakula kwenye harusi au matanga alimtafuta kwa macho: "Maman Antoinette, unitetee, mi niko nakula ya juzi!" Alicheka nao. Lakini kanuni hakuilegeza.

Sisi wengine tumelichezea neno hili hadi limechakaa. Mfanyakazi akiomba siku moja ya kupumzika, mroho. Mtoto akililia kipande cha pili cha muhogo, mroho. Mjane akidai mpaka wa shamba lake, mroho. Na mara nyingi anayelitamka ni yule aliyeshiba kuliko wote waliopo. Antoinette hakuvuka shule ya msingi, lakini alitenganisha maneno vizuri kuliko wengi wetu tuliosoma. Tamaa, alisema, ni kutaka, na kila aliye hai anataka. Uchoyo ni kufunga mkono juu ya kitu ambacho tayari ni chako. Uroho ni jambo jingine.

"Uroho," aliwaambia vijana waliokuja kujifunza kazi ya maji kwake, "ni pale umekwisha kutosha, unajua umetosha, na mwenzako iko anangojea nyuma yako, na weye unaongeza tu. Hizo vitu tatu zikutane. Moja ikikosekana, utafute jina ingine."

Kwa Kinyarwanda tuna neno umururumba, na katika mazungumzo ya kila siku watu husema fulani ana tumbo kubwa. Hilo la tumbo hakulipenda. Alisema tumbo linasingiziwa bure. Tumbo likijaa linasema lenyewe.

Uzito wa neno hilo alikuwa amejifunza kwa njia mbaya. Alizaliwa Kamanyola, ng'ambo ya mto Rusizi, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Kongo, na alirudi na mume na watoto wawili akiwa na umri wa miaka ishirini na minane. Wiki za kwanza walilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine sita. Maharagwe yaliyopikwa yaligawiwa kwa upawa mmoja kwa kila mtu. Siku moja alipanga foleni mara mbili. Mgawaji akamtambua, akainua upawa juu: "Muroho huyu amerudia!" Foleni nzima ikageuka kumtazama. Sehemu yake ya kwanza alikuwa ameipeleka kwa mumewe, aliyekuwa na homa, na kwa watoto. Yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu mdomoni tangu juzi yake. Hakujieleza. Aliondoka na sahani tupu.

"Si njaa njo iliniumiza," alisimulia baadaye. "Njaa nilikuwa nimeizoea. Niliona haya sawa muntu mwenye ameiba. Na sikuwa nimeiba kitu."

Kwa hiyo wakulima wa mfereji wa tatu walipomchagua kuwa mgawa maji, miaka kumi na mitatu iliyopita, alikubali kwa sharti. Katika kikundi chao neno mroho halikuwa tusi tu. Lilikuwa hukumu. Mapatano yao yalisema kwamba mtu atakayetajwa mbele ya mkutano kuwa mroho wa maji atakosa zamu tatu. Zamu huja mara moja kwa wiki, na wiki tatu bila maji kwa mpunga mchanga ni sawa na kutolipanda shamba kabisa. Kwa desturi yao mwenyekiti ndiye huuliza, na mgawa maji ndiye hujibu. Sharti la Antoinette lilikuwa kwamba hatajibu kamwe kabla ya kwenda kuliona shamba kwa macho yake. Katika miaka kumi na miwili alilitamka neno hilo mara mbili.

Kazi yenyewe aliifanya kwa fimbo ya mkaratusi iliyochongwa alama kila upana wa kidole. Mashamba ya pale ni majaruba, vipande vidogo vilivyozungushiwa kingo za udongo ili maji yasimame. Zamu ya jaruba ikifika, anaondoa gunia la udongo lililoziba mlango wake, maji yanaingia, naye anasimamisha fimbo ndani. Yakifika vidole vinne, gunia linarudi mahali pake. Hakuna kidole cha tano, hata kwa padri, hata kwa mwenyekiti. Majaruba yalikuwa thelathini na moja, na lake lilikuwa katikati ya mfereji. Lakini alilipatia maji mwisho, baada ya wote, hata kama mfereji ulikuwa umebaki na tope. Hilo halikuandikwa popote. Alilianza mwenyewe, na hakuna aliyemwomba.

Mwaka jana mvua ya Septemba ilichelewa. Mto ulipungua hadi mawe ambayo vijana hawakuwahi kuyaona yakatokeza mgongo. Mpunga ulikuwa na mwezi mmoja tangu kupandikizwa, na wakati wa palizi ulikuwa umefika. Hapa msomaji asiyelima mpunga inabidi aelezwe jambo moja. Ipo njia ya mkato ambayo kila mkulima wa bondeni anaijua: ukijaza jaruba maji mengi kuliko linavyohitaji, magugu yanazama na kuoza, na wewe unapumzisha mgongo. Mwaka wa mvua nzuri hakuna anayekuuliza. Mwaka wa ukame, maji hayo unayozamishia magugu ni maji ya majaruba mawili ya wenzako.

Mgongo wa Antoinette ulikuwa umeharibika tangu Julai. Alipotibiwa hospitali ya Mibirizi aliambiwa asiiname, na mtu asiyeinama hapalilii mpunga. Mtoto wake wa mwisho, Damascène, kijana wa miaka ishirini na sita anayefanya kazi kwenye kiwanda cha siminti, aliahidi kupalilia siku yake ya mapumziko. Siku hiyo ilipofika alipangiwa zamu nyingine kiwandani. Jumatano, kabla ya kwenda kazini, alipitia shambani, akavuta gunia kwenye mlango wa jaruba la mama yake, akaacha maji yaingie mchana kutwa na usiku kucha.

Antoinette aliyakuta Alhamisi asubuhi. Maji yalisimama katikati ya muundi wake, na mlango bado ulikuwa wazi. Damascène alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, nyusi zake nyeupe kwa vumbi.

"Nani alifungua hapa?"

"Ni mimi, Maman. Kazini banatuongezea saa. Siwezi kupalilia hii wiki, na weye huwezi kuinama. Nikasema maji itatufanyia kazi."

"Haiko zamu yetu."

"Miaka kumi na mbili unapatia batu maji, na shamba yako inakunywa tope. Nani atakulaumu?"

"Funga."

Alifunga. Lakini maji yaliyokwisha kuingia hakuyatoa, na mama yake hakumwambia ayatoe. Alisimama ukingoni akayatazama magugu yaliyolala chini ya maji, tayari yakigeuka rangi, na kwa mara ya kwanza tangu Julai hakuifikiria palizi kwa hofu. Alijiambia kwamba kesho angefungua ukingo wa chini ili maji yashuke kwa wenzake. Ijumaa hakufungua. Jumamosi alikwenda kugawa maji ya wengine, na kurudi nyumbani alipita njia ya juu, isiyopita kando ya jaruba lake. Ninaandika haya bila kuyafunika kwa sababu yeye mwenyewe hayafuniki.

Jumapili likatokea la Bashige.

Bashige alirudi kutoka Kongo miaka miwili iliyopita na mke na watoto watano, akapata jaruba la mwisho kabisa, mkiani mwa mfereji, pale ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Zamu mbili mfululizo hayakumfikia. Aliona udongo wake unapasuka, akafanya hesabu yake: Jumapili saa nne asubuhi kila mtu yuko kanisani. Akashika jembe, akaenda akaziba mfereji mkubwa kwa udongo na shina la mgomba, akageuza maji yote kuelekea kwake. Hesabu ilikuwa sahihi kwa alikotoka. Alichosahau ni kwamba Bugarama nusu ya majirani zake ni Waislamu, na kwao Jumapili ni siku ya shamba kama nyingine. Mzee Hassani Munyemana, mwenyekiti wa mfereji, alikuwa anapalilia hatua hamsini kutoka pale. Alimwacha Bashige amalize kuweka shina la mgomba, halafu akanyoosha mgongo.

"Papa Bashige! Na sisi ba Ijumaa ulitusahau?"

Kufikia jioni bonde lote lilikuwa linarudia maneno hayo. Asubuhi ya Jumatatu, mkutano ulipokusanyika katika banda la kuanikia mpunga, Bashige alipokelewa nayo tena na tena. "Sisi ba Ijumaa tumekuja, Papa!" "Leo si Jumapili, fungua tuone!" Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, mikono katikati ya magoti.

Munyemana alinyamazisha watu, akamgeukia Antoinette.

"Maman, muntu huyu nilimushika mimi mwenyewe, na hakatai. Mpunga wa batu unakauka. Sema neno yako tumalize, jua inapanda."

"Kuna kitu gani cha kufikiri?" alisema Ingabire. Huyu ni mama mwenye jaruba la jirani na Bashige, na ulimi wake unajulikana hadi sokoni. "Batu banaomba Mungu, ye iko anajiombea maji! Kama huyu haiko muroho, nani njo muroho?"

Bashige akainua kichwa. "Maman, nilifungua, ni kweli. Lakini zamu mbili maji haikunifikia. Niko na batoto batano. Mukininyima zamu tatu, hakuna shamba. Nirudie Kongo na nini?"

"Ungefikiri batoto mbele ya kufungua," Ingabire akamrukia.

"Ni bo nilifikiri, Mama."

Antoinette alichukua fimbo yake. "Tuende kuangalia."

"Kuangalia nini tena? Si amekubali?"

"Amekubali alifungua. Sijamusikia akikubali alitosheka."

Walitelemka wote, watu kama arobaini, katika mstari mmoja juu ya ukingo mwembamba. Jaruba la Bashige lilikuwa limekunywa maji ya Jumapili yote. Juu palikuwa na unyevu tu. Kwenye kona ambayo maji hayakufika, nyufa zilikuwa pana kiasi kwamba Munyemana aliingiza mkono hadi kifundo. Kila shina la mpunga lilibaki na mstari wa tope kuonyesha maji yaliishia wapi. Antoinette akasimamisha fimbo kando ya mstari huo, akawaonyesha walio karibu.

"Vidole viwili," alisema. "Hakufika hata vine. Bashige amevunja zamu, na ameziba mufereji ya batu bote. Achimbe tope ya mufereji siku mbili, peke yake. Na lile neno simupatii."

Watu walinung'unika, lakini fimbo walikuwa wameiona. Bashige alifunika uso kwa kofia yake. Jambo lingeweza kuishia pale, na Antoinette angerudi nyumbani akiwa amesifiwa mara moja zaidi kwa haki yake. Ni Ingabire aliyezuia. Hakuwa na nia mbaya; alitaka tu kujua.

"Sawa. Bashige haiko muroho, nimeona na macho yangu. Sasa maji yetu inakwendaka wapi? Zamu ya juzi imefika kwangu sawa mate ya kuku. Huku juu kuna muntu anakunywa. Ni nani?"

Wenye majaruba ya juu wakaanza kutazamana. Mmoja akasema aapishwe hata sasa hivi. Munyemana, aliyeona ugomvi unakuja, akainua mikono.

"Tuache ile. Mufereji ni ya zamani. Maji inapotelea mu udongo."

Hilo lilikuwa jibu, na lilitolewa na mwenyekiti mwenyewe mbele ya mashahidi arobaini. Antoinette hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji tu kunyamaza hadi watu watawanyike, halafu baadaye afungue ukingo wake kimya kimya, na mpunga wake ungepona, na fimbo ingebaki mkononi mwake. Wengi wetu tumewahi kupewa jibu kama hilo na mtu mwema, na tumelipokea kwa shukrani.

"Haipotelei mu udongo," alisema. "Munifuate."

Alitangulia, polepole kwa ajili ya mgongo, hadi katikati ya mfereji. Pale aliposimama maji yalimetameta jaruba zima, na ncha za mpunga zilichomoza juu yake kama nywele za mtu anayeoga. Akampa Ingabire fimbo.

"Ingiza. Hesabu kwa sauti."

Ingabire alihesabu. Alipopita nane sauti ilianza kushuka. "Kumi. Kumi na moja." Akageuka. "Maman, hii ni shamba yako."

"Ni yangu."

"Ni mimi nilifungua!" Damascène alikuwa amefika katikati ya mkutano, bado amevaa nguo za kazi, jembe la palizi begani, na sasa alijipenyeza hadi mbele. "Mama alikuwa ku nyumba. Haikumuhusu. Muniandike mimi."

"Nyamaza, Damascène," alisema mama yake, bila ukali. Akawageukia wengine. "Huyu alifungua Jumatano, alihurumia mugongo yangu. Alhamisi nilimwambia afunge, akafunga. Kosa yake ni ya zamu, achimbe tope siku mbili pamoja na Bashige. Lakini maji imebakia humu siku nne, na mwenye kujua alikuwa mimi. Shamba imetosha. Nilijua imetosha. Na nyinyi muko munangojea kule chini. Zote tatu ziko hapa. Mzee, uniulize."

"Nikuulize nini, Maman?"

"Vile unaulizaka bengine."

Munyemana alivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena. Ingabire akamshika Antoinette mkono. Ulimi wake wote ulikuwa umelegea.

"Maman, hapana. Mi nilikuwa nasema tu. Mugongo ni ugonjwa. Si weye unafundishaka, muntu mwenye hajatosheka hatumwite ile jina?"

"Mugongo yangu njo ilikuwa haijatosheka. Mpunga ulikuwa umetosha tangu kidole ya nne."

"Mimi nimekusamehe," alisema Bashige kutoka nyuma. "Maji yangu njo ilikuwa humo, na nimekusamehe."

"Asante, Papa. Lakini haikuwa yako peke yako."

Damascène alikuwa analia, kwa hasira. "Nilifanya vile juu yako. Na weye unanifanya mtoto wa muroho mbele ya batu bote!"

Mama yake alimgeukia. "Sikufanyi kitu, mwanangu. Ni mimi ninajitaja. Kama leo ninakataa hii jina kwangu, kesho nitamupatia nani? Bashige nilimukatalia kwa fimbo. Fimbo ni ile ile." Akarudi kwa mwenyekiti. "Mzee, jua inapanda."

Munyemana akauliza, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, swali la desturi: mgawa maji, mwenye shamba hili tumwite nani?

"Muroho wa maji," alisema Antoinette Mukabaranga.

Damascène alilibwaga jembe lake kwenye ukingo, akaondoka akielekea barabarani. Mama yake akaliokota. Alijaribu kuinama ili akate ukingo wa chini, mgongo ukakataa, akapiga magoti kwenye tope na kukata akiwa hivyo. Bashige alipotaka kumsaidia alimzuia kwa kiganja. Maji yalitoka kwa kishindo, yakaingia kwenye mtaro, na mkutano ukayafuata yakishuka hadi mkiani, kwa Ingabire na kwa Bashige, ambako yalifika yakiwa bado na nguvu.

Wapo waliosema alizidisha. Walisema siku nne si kitu, mgonjwa anahurumiwa, na kwamba kuna kiburi fulani katika kujishtaki hadharani. Nimelipima hilo, na sikubaliani nao. Kiburi hutafuta watazamaji. Yeye alikuwa na watazamaji tayari, wote upande wake, na aliwapoteza wengine. Pia walikuwepo waliomwendea kimya na njia za kumsaidia. Ingabire alipendekeza amchotee ndoo chache kila asubuhi, akisema ndoo haikutajwa katika mapatano. Antoinette alimshukuru, akamkaribisha chai, akamwambia arudi na ndoo yake nyumbani.

Zamu tatu zilipita. Jua la wiki zile halikuwa na huruma, na mvua ilikuja siku tano baada ya zamu ya tatu, ilipokuwa haifai tena. Magugu yaliyokuwa yamezama hayakuwa yamekufa yote. Yalirudi kabla ya mpunga, na mpunga ulipokuwa na rangi ya mkeka mkuukuu aliwaruhusu majirani wafungie mbuzi humo. Bashige alivuna. Mavuno hayakuwa mengi, lakini alivuna. Alipomletea Antoinette kikapu cha mpunga wa kwanza, mama huyo alikipokea, akaupika na kuula na wajukuu wake, wala hakukiita malipo.

Mapatano yanasema pia kwamba mtu aliyetajwa hawezi kushika fimbo. Watu walitaka kulifuta sharti hilo kwa ajili yake. Alikataa kuhudhuria mkutano ambao ungelijadili, na bila yeye hawakuwa na ujasiri.

Bado hukaa kwenye kibaraza chake karibu na barabara ya Nyakabuye, na bado watu humletea maneno. Juzi mama mmoja alipita akilalamika juu ya mkwewe, kwamba ni mroho, kila siku anaomba. Antoinette alimuuliza mkwe huyo hula mara ngapi kwa siku. Mama yule alifikiri, akasema mara moja. Akaendelea na safari yake bila kulirudia neno.

Msimu ule Antoinette hakuvuna hata debe moja. Fimbo aliyoishika miaka kumi na miwili iko kwa Ingabire. Damascène alihamia Gihundwe mwezi wa Desemba. Humtumia mama yake sabuni na sukari kwa madereva wa mabasi madogo, lakini hajakanyaga shamba lile tena, na hajala kwenye meza ya mama yake. Palizi Antoinette anaifanya mwenyewe sasa, akipiga magoti.